Bunduki ya Baba Ndani ya Mkeka

Tulianza safari Jumanne, saa kumi na moja na robo alfajiri, kwa saa ya baba ambayo sasa inavaliwa na kaka Daudi. Tulikuwa watatu: bibi mzaa baba, Daudi, na mimi. Wa nne alikuwa kwenye mkeka, na huyo ndiye aliyetuponza.

Mwajuma na Stella, barua yenu imenifikia. Mnauliza kama ni kweli kaka yangu alikamatwa na bunduki mjini Dodoma. Mnanijua. Mkiniuliza uso kwa uso pale bwenini nitasema "hamna kitu" halafu nitainamia daftari. Kwa hiyo nimeandika, nanyi someni nikiwa sipo karibu.

Nyumbani mpaka barabara kubwa

Baba alifariki baada ya Mwaka Mpya, kifua. Hilo mnalijua. Msichojua ni kwamba alituachia gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomoni, pamoja na kijitabu chake cha leseni. Hakuwa mwindaji. Aliitumia kwa nyani tu. Shamba letu liko chini ya mlima, na mahindi yakianza kubeba, nyani wanashuka kundi zima kama watoto waliofunguliwa shule. Baba alikuwa akipiga risasi moja hewani, basi wiki nzima hatuwaoni. Mwaka huu wamekula robo ya shamba, na sisi wanawake hawatuogopi kabisa. Bibi akiwatupia jiwe wanamtazama tu, kama wageni wanaosubiri chai.

Siku ya kuondoa matanga, wazee walimkalisha Daudi kwenye kigoda cha baba. Bibi akamvika koti la baba, akamwekea bunduki magotini, akasema mbele ya ukoo wote, "Ndahani hakufa. Ndahani ni huyu." Ndivyo tunavyofanya kwetu, jina la marehemu halizikwi. Tangu siku ile hakuna mzee aliyemwita Daudi. Bibi mwenyewe akimwita Ndahani sauti inamkatika katikati, lakini analimalizia. Na Daudi lazima aitike. Asipoitika ni sawa na kumfukuza baba mlangoni.

Halafu mtendaji wa kijiji akaleta ujumbe kwamba ile bunduki ipelekwe kituo kikubwa cha polisi Dodoma. Bibi akaelewa ni ya kugongewa muhuri wa mwaka, kama baba alivyokuwa akifanya. Akanipa kijitabu. Nyumbani ni mimi tu ninayesoma Kiingereza.

"Kimeandikwaje, mjukuu wangu?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo. Nilikwenda kuyatazama kwenye kamusi nyuma ya ghala, peke yangu. Yalisema leseni ni ya aliyetajwa humo peke yake, mtu mwingine haruhusiwi kuibeba silaha hiyo, na akifa, irudishwe polisi. Nikarudi. Bibi ananisubiri, Daudi anaisugua bunduki kwa mafuta ya alizeti, amevaa lile koti.

Nikasema, "Kimeandikwa jina la baba."

"Si ndilo jina la kaka yako?" Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi kazi imekwisha."

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa Jumanne.

Bibi ndiye aliyesema ifungwe. "Bunduki uchi inaogofya watu." Akachukua mkeka aliolalia baba siku zake za mwisho, akaiviringisha, akafunga kamba tatu, juu, katikati na chini. Alipomaliza tukatazamana wote, kila mtu akatazama pembeni. Ilikuwa imefungwa kama tulivyomfunga baba.

Haneti mpaka korongoni

Barabarani tulikaa mpaka saa tatu. Lililosimama ni lori la mkaa kutoka upande wa Chemba, na mbuzi tisa nyuma. Zamani, bibi anasema, mkaa na mbuzi vilikuwa na kibali cha huku na kibali cha kule. Dereva akamcheka kwa adabu. "Siku hizi ruksa, bibi. Panda tu."

"Kila kitu ruksa?"

"Kila kitu!"

Bibi akanitazama kwa ushindi, akaukumbatia mkeka.

Daudi alikaa nyuma na mbuzi. Mimi na bibi tulikaa juu ya magunia, karibu na mama mmoja mwenye mkaa wake, mnene, mchangamfu, anaitwa Mama Tausi. Yeye na mdogo wake walizungumza kile Kisandawe chao cha kudatisha ulimi, nikawa nasikiliza bila kuelewa kitu, tamu kama mtu anayevunja karanga. Alitupa viazi vya kuchemsha kwenye jani. Halafu akauona mkeka. Aliutazama urefu wake, akatazama jinsi bibi alivyoulaza mapajani, na kile kitambaa cheusi kichwani kwa bibi.

Akaninong'oneza, "Alikuwa na umri gani?"

Nilimwelewa palepale. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini ningesema nini mbele ya watu kumi na wawili, kwamba ni bunduki? Machozi yakatangulia.

"Basi, basi, mwanangu. Usijibu." Akavua kanga yake ya juu, akaufunika mkeka jua lisiupige. Akawageukia wenzake akasema kitu kwa lugha yao, na lori zima likanyamaza. Kijana aliyekuwa na redio akaizima. Bibi masikio yake ni mazito na injini inanguruma, yeye akaona ni ukarimu tu, akampa salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwa, mwanangu, Mungu akuzidishie."

Kabla ya Mayamaya tukakuta korongo limejaa. Mnajua makorongo yetu, jana mchanga, leo mto. Tulikaa ng'ambo ya huku saa tano nzima. Watu wote walishuka. Bibi hakushuka, hakutaka kuacha mkeka. Basi wanaume walikuja mmoja mmoja pembeni ya lori, wakavua kofia, wakasema, "Poleni, bibi." Bibi akawa anaitikia tumeshapoa, anadhani ni pole ya baba, habari zimeenea. Mzee mmoja akamwuliza Daudi, "Ndiye wa kwanza?" Daudi akajibu, "Ndiye pekee." Maana baba ni mmoja. Yule mzee akalia. Daudi naye akalia kumwona mzee analia, na mimi nikiwa juu kule nikijua kila mmoja analilia nini.

Kama kuna siku niliyochukia ulimi wangu, ni ile.

Kizuizi cha Makutupora

Maji yalipungua kama saa kumi. Makutupora kulikuwa na gogo limelazwa barabarani na askari wawili. Pembeni wanauza zabibu kwenye masinia. Askari mmoja akapanda gurudumu, akachungulia.

"Mkaa wa nani? Hizo mbuzi? Na hicho kirefu ni nini?"

Daudi akainuka kule nyuma. Nilimwona anashika kijitabu kwenye mfuko wa koti, yuko tayari kukitoa kwa fahari. Mama Tausi akamtangulia.

"Afande, huoni? Heshimu maiti ya mtoto!"

Askari akavua kofia. Akashuka, akasukuma lile gogo mwenyewe. Hata akatupa shada la zabibu kupitia ubavuni. "Mpeni bibi," alisema.

Zabibu zile nilizila. Nawaambia ukweli wote, nilikuwa na njaa, na zilikuwa tamu. Daudi alinitazama tu. Sasa alikuwa ameelewa. Tuliposhuka mjini akanivuta kando. "Yudi, ulijua wanafikiri ni mtoto?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

Nikanyamaza tena. Kanga ya Mama Tausi ilibaki juu ya mkeka, alikataa kuichukua.

Dodoma, kituoni

Tulilala kwa shangazi, Chang'ombe. Asubuhi ya Jumatano bibi alioga, akajipaka mafuta, akavaa viatu. Tukatembea kwa miguu kukatisha mjini, tukapita kwenye marundo ya mitumba ambapo mtu anapiga makofi anaimba bei, bibi akiwa katikati na mkeka begani kama mtu anayekwenda kanisani na sadaka.

Kaunta ya kituo ilikuwa na sajini mmoja mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na askari kijana aliyekuwa akinywa chai.

"Shikamoo, afande," akasema Daudi.

"Marahaba. Mmepatwa na nini?"

"Tumeleta bunduki kugonga muhuri."

Sajini akaangalia mikono yetu, haoni bunduki. Bibi akaondoa kanga. Akafungua kamba ya juu, ya katikati, ya chini. Gobore likalala pale kaunta, linang'aa mafuta. Askari kijana akaweka kikombe chini taratibu sana.

"Mmetoka nayo wapi hivyo?"

"Haneti," bibi akajibu. "Tumepanda lori."

"Na kizuizini mlipitaje?"

Daudi akatoa leseni mfukoni, akaiweka kaunta. Sajini akafungua kijitabu, akakisogeza mbali na macho. "Ndahani Chilewa ni nani hapa?"

Bibi akamgusa Daudi bega. Kaka yangu hakuinua macho. Alikuwa akitazama lile koti, si sajini.

"Ni mimi."

Sajini akatazama picha ya kwenye leseni. Mnakumbuka baba alivyokuwa, mvi na pengo la mbele. Akamgeuzia yule kijana. Kijana akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mzee Ndahani! Hiyo dawa ya ujana umeipata wapi? Nami nipunguzie kidogo!"

"Nauliza tena," akasema sajini bila kucheka. "Jina lako nani?"

"Ndahani," akasema Daudi, chini zaidi.

"Sikiliza, kijana. Leseni ya bunduki ni ya mtu, si ya nyumba. Aliyetajwa humu ndiye anayeibeba. Si mke wake, si mwanawe. Wewe umekuja na silaha imefichwa kwenye mkeka, umeipitisha kizuizini, halafu unajiita jina la mwenye leseni. Mwizi angefanya tofauti gani? Nikiandika hivi ulivyosema, unalala ndani leo. Na hutashika leseni ya hata manati maisha yako yote." Akachukua kalamu. "Mara ya mwisho. Jina?"

Daudi akamtazama bibi. Bibi akamtazama Daudi kwa macho ya kusihi, kama siku ile ya kigoda. Nikaona kaka yangu hatasema. Yuko tayari kulala ndani kuliko kumkana baba mbele ya bibi aliyemzaa.

Sijui nilivyofika kaunta. "Anaitwa Daudi," nikasema. "Ndahani ni baba. Baba amekufa."

Nilikuwa sijawahi kulisema. Hata shuleni nilirudi na kitambaa cheusi tu, ninyi mkaelewa wenyewe.

"Amekufa mwezi wa kwanza. Jina alipewa kwenye matanga, afande, wazee walimpa, halikuwa la kudanganyia. Kwetu ukipewa lazima uitike. Mkeka ni wa baba. Na kizuizini walifikiri ni mtoto amekufa kwa sababu mama mmoja aliniuliza nikashindwa kumjibu. Kosa la hapo ni langu."

Sajini akavua miwani. "Hata kwetu mtu anarithi," akasema. "Mimi mwenyewe nina jina la babu. Lakini bunduki haijui matanga, binti." Akaweka kidole chini ya kile kijitabu, kwenye yale maandishi madogo. "Nani aliwasomea hiki?"

"Mimi."

"Na hapa ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulielewa?"

Ningeweza kusema hapana. Kidato cha tatu, Kiingereza cha sheria, nani angenibishia? Nikasema, "Nilielewa."

Bibi akageuka. Masikio yake mazito hayakulikosa hilo. "Ulijua?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Ulijua tangu nyumbani?"

Niliinamia kaunta. Hakurudia.

Basi sajini akachana ile karatasi aliyoanza, akaandika nyingine, kwamba familia ya marehemu imeleta silaha wenyewe kwa hiari yao. Daudi akasaini Daudi. Akaelezwa kwamba akiitaka bunduki, aanze kwa serikali ya kijiji, kisha kata, kisha wilaya, watu wamjadili kama ana akili timamu na hana rekodi mbaya. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kukataliwa. "Sikuahidi," akasema sajini. "Na ukija, uje kwa jina lako." Kisha akafunga kikaratasi kwenye kitako cha gobore kwa uzi kama ule wa miwani yake. Kilikuwa na jina la baba. Yule kijana akaibeba kwenda ndani. Mlango wa chuma ukafungwa, na hapo ndipo bibi alipolia, kwa sauti, yaya gwe, yaya gwe, yaani mama wee, mpaka watu wa nje wakachungulia. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Siku ya mazishi alikuwa na wageni wa kupikia.

Yule askari kijana alirudi ameinamisha kichwa. Akatuletea chai na chapati, akasema, "Samahani kwa lile la ujana." Daudi hakula. Bibi alichukua mkeka wake, akauviringisha mtupu, akaufunga kamba zote tatu.

Kurudi

Tulipanda lori lilelile Alhamisi, sasa halina mkaa, lina magunia ya sukari na mabati ya duka la mtu. Bibi hakuwa amenisemesha tangu kituoni. Si kwamba alinitukana. Alinipa ugali, alinisogezea mlenda, ila macho yalipita juu yangu kama juu ya kizingiti.

Mama Tausi alikuwa amekwisha kukaa. Alituona, akauona mkeka, jinsi sasa ulivyokuwa mwembamba. Akampisha bibi nafasi nzuri. Bibi akamrudishia kanga imekunjwa. Mama Tausi akaisukuma.

"Ikae kwenu, mama. Mmeshamzika?"

Injini ilikuwa haijawashwa. Bibi alisikia kila neno. Nilimwona anaelewa kidogo kidogo, safari nzima inamrudia: zile kofia, zile pole, zabibu. Nikangoja aseme ukweli. Daudi naye alikuwa anangoja, ameshika ubao wa lori.

Bibi aliulaza mkeka mapajani.

"Tumemzika," akasema.

Mama Tausi akamshika mkono. Walishikana hivyo mpaka Mayamaya. Korongoni palikuwa pakavu, mchanga mweupe, tulipita bila hata kupunguza mwendo.

Ijumaa asubuhi

Niliamka nikakuta Daudi ametoka kitambo, amekwenda kwa mtendaji. Koti la baba lilikuwa limetundikwa msumarini. Hakulivaa. Bibi alikuwa jikoni anakoka moto, mgongo kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, basi.

Nyani walikuwa wameanza. Walisikika kule shambani, wanabweka kwa raha zao. Nilijifunga ile kanga kiunoni, nikachukua debe bovu na mti wa kupigia, nikaenda. Mkubwa wao alikuwa amekaa juu ya kichuguu anamenya hindi. Akanitazama mikono, kwanza huu, kisha huu. Akaona hakuna kitu. Akaendelea kula.

Nikapiga debe. Hakujali. Nikafungua mdomo nipige kelele na sikujua niseme nini. Ninyi mnajua, mimi hata namba yangu darasani ikiitwa naitikia kwa kuinua kidole. Neno lililotoka ni lile ambalo sasa halina mtu wa kuliitikia.

"Ndahani!"

Mlima ukalirudisha. Nyani akaacha kumenya.

"Ndahani! Ndahani!"

Nililiita mpaka koo likachubuka. Nililiita nikipiga debe na kulia na kukanyaga mahindi yetu wenyewe. Yule mkubwa akateremka kichuguuni, si kwa woga, pole pole tu, kama mtu aliyeona hapa si mahali pa kukaa leo. Wenzake wakamfuata.

Niliponyamaza kupumua, nikasikia sufuria inapigwa upande wa pili wa shamba, kule kwenye mtama, na sauti ya kizee inaliita jina lilelile. Nikanyanyua mti, nikaanza tena.